Bwana Sijawaona

Tairi la nyuma lilipasuka zikiwa zimesalia kilomita tisa kufika bandarini, na la akiba lilipotolewa, likakutwa nalo halina upepo.

"Hili umelikagua lini?" Mratibu aliuliza.

"Juzi, bosi."

"Juzi ipi?"

Dereva akainama kutafuta jeki chini ya kiti, na akakaa huko chini muda mrefu kuliko jeki ilivyostahili.

Mratibu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, na kazi yake kwa miaka minane ilikuwa moja tu: kuwachukua wageni mlangoni kwao kwa gari la peke yao, kuwafikisha kwenye feri, na kuwavusha hadi kisiwani bila wao kugusa hata sanduku. Alishavusha maharusi, mapacha wachanga, na mzee mmoja aliyesafiri na kasuku. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka. Aliogopa maji, tena woga wa kweli, ule wa kushika ukuta ukipita kando ya bwawa. Siri hiyo aliijua baba yake peke yake, na baba yake ndiye aliyekuwa kiti cha nyuma akijipepea kwa tiketi.

Safari ilikuwa ya mzee huyo. Binti yake mdogo, aliyeolewa kisiwani, alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita, na mzee alitaka kumpakata mjukuu wake wa kwanza. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mkavu, mwenye maneno machache. Mwaka uliopita moyo ulimsumbua, na tangu hapo alikuwa akimeza dawa ya kulainisha damu. Daktari alimwambia, "Mzee, usijikate hata na wembe. Damu yako haijui tena kusimama." Ndiyo maana Mratibu akameza woga wake, akajiandikia tiketi ya pili.

Dereva walimwita Chapchap, na hakukuwa na haja ya kuuliza sababu. Alikuwa mtu anayevaa viatu huku anatembea.

Muda mfupi kabla ya pancha, juu ya mlima wa mwisho, simu ya Mratibu ilikuwa imelia. Aliyepiga ni mpokeaji wa wageni wa kule kisiwani, yule anayesimama gatini na bango lenye majina. Miaka minane walifanya kazi pamoja bila kuonana uso kwa uso, na miaka yote minane waligombana. Feri ikichelewa dakika tano, anapiga: "Sijawaona." Mgeni akiingia msalani, anapiga: "Sijawaona." Ofisini walimbandika jina la Bwana Sijawaona.

"Feri haijaondoka hata huku, unaniuliza nini?" Mratibu alimfokea.

"Nauliza mmevaaje. Nisije nikawapita."

"Utatuona tu. Sisi si sindano!" Akakata, kisha akampigia karani wake ofisini. "Yule bwana akianza kupiga, usipokee. Ukishapata ujumbe wa dereva, funga faili, ukanywe chai."

Huo ndio ulikuwa utaratibu, na aliuandika yeye. Abiria wakishakanyaga feri, dereva anatuma neno moja: "Wamepanda." Karani anaweka alama ya kijani. Neno lisipofika hadi nusu saa baada ya feri kuondoka, karani anapiga simu ya mezani ya bandarini kuuliza kulikoni. Miaka minane neno halikuwahi kukosa kufika. Wakati Mratibu anafoka pale mlimani, Chapchap naye aliinamia simu yake mara moja, akabonyeza, akairudisha mfukoni. Kisha wakaanza kushuka, na Chapchap akasema, "Bosi, hapa ndio mwisho wa mtandao. Huko chini hupati kitu." Mratibu hakujali.

Mwenye lori la mbao aliwahurumia akawaazima pampu. Walifika gatini saa nne na robo. Feri ya saa nne ilikuwa imeshakuwa doa jeupe dogo huko mbele, na dirisha la tiketi limefungwa.

"Tulale, tuvuke kesho," mzee akasema.

Hapo Mratibu alifanya kosa ambalo angemkataza mteja yeyote. "Baba, miaka minane sijalaza mgeni bandarini. Nianze na wewe?"

Chini ya ngazi palikuwa na boti dogo la faibaglasi, na nahodha wake, mtu mnene mwenye kofia isiyo na rangi tena, alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha. Alisema baada ya saa mbili watakuwa kisiwani. Kuna wingu, alisema, lakini liko mbali. Majaketi ya kuokolea yalikuwa mawili.

"Mimi nawatakia safari njema," Chapchap akasema, mkono mmoja tayari kwenye mlango wa gari.

"Unakwenda wapi? Spea isiyo na upepo ni yako. Unapanda na sisi, unamkabidhi baba yangu mkononi."

Basi akapanda, na masanduku mawili, na mwavuli mkubwa wa njano wa ofisi ambao kazi yake ni kuwakinga wageni jua kati ya gari na ngazi. Mratibu alimvalisha baba yake jaketi moja, akavaa la pili, akashika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili. Kwa saa nzima hakuangalia kitu kingine ila kofia ya nahodha.

Wingu halikukaa mbali.

Kwanza upepo ulikata, na bahari ikawa laini. Nahodha akatazama nyuma, akatupa ganda la muhogo majini, akaongeza moto. Kisha upepo ukarudi kutoka upande mwingine, ukiwa na mvua ndani yake, na mvua ile haikudondoka, ilikuja kwa ubavu. Wimbi la kwanza likawainua. La pili likaingia ndani. Chapchap akanyakua ndoo akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haraka yake ikawa na faida. Masanduku yakaelea miguuni. Nahodha alikuwa akilielekeza boti uso kwa uso na mawimbi, akipiga kelele kila moja linapokuja, "Shikaa!" nao wanashika. Halafu injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Maji yameingia kwenye mafuta!" Nahodha akavuta kamba. Akavuta tena. Akavuta mpaka kiganja kikachubuka.

Bila injini, boti likageuka ubavu. Mratibu alifumba macho, akamkumbatia baba yake kiunoni, akaanza kuomba, na katikati ya dua alisikia sauti ya mzee sikioni, tulivu kabisa: "Tunasukumwa kusini. Fumbua macho, mwanangu, ujue ulipo." Alifumbua. Hakuona kitu ila maji, lakini maneno yale yalimshika kuliko jaketi.

Walisukumwa hivyo zaidi ya nusu saa. Kisha kitako cha boti kikakwaruza, likainuka, likapigwa chini juu ya mwamba kwa kishindo kilichowamwaga wote. Mratibu alimeza maji ya chumvi, akapiga mikono hovyo, akapiga kelele kwamba anakufa. Mkono wa Chapchap ukamkamata shingoni.

"Bosi. Bosi! Simama. Maji ya magoti haya."

Alisimama. Kweli, yalikuwa ya magoti. Mbele yao, hatua thelathini hivi, palikuwa na fungu la mchanga, jeupe, tupu, bila hata jani, kama urefu wa uwanja wa mpira na upana wa barabara. Wakalitambalia. Nyuma yao boti lilikuwa limeng'ang'ania mwamba, ubavu umepasuka.

"Ahsante Mungu," Mratibu akasema, akageuka kumwangalia baba yake, na hapo akaona suruali ya mzee imekuwa nyekundu kuanzia goti kushuka.

Ukingo wa faibaglasi uliovunjika ulikuwa umemchana muundi. Haukuwa mchano mrefu, mtu mwingine angefunga kitambaa akasahau. Lakini damu ilikuwa inatoka tu, nyepesi, bila haraka.

"Mlaze," nahodha akasema. "Mguu juu."

Waliburuta sanduku moja lililosalia, wakauweka mguu juu yake. Mratibu akavua mtandio, akaukunja, akaubana juu ya kidonda kwa viganja vyote viwili. Mtandio ukalowa. Nahodha akampa shati lake. "Usiinue kuchungulia, mama. Kila ukichungulia unaanza upya. Bana tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waje."

Akabana. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na Chapchap, ambaye hawezi kukaa bila shughuli, aliufungua mwavuli wa njano, akaugeuza kichwa chini miguu juu, akauchimbia mpini mchangani. Maji yakaanza kukusanyika ndani yake. Walikunywa hapo kwa zamu, mzee kwanza, na yaliyobaki wakayajaza kwenye chupa mbili. Yalikuwa na ladha ya plastiki, na Mratibu hajawahi kunywa maji matamu kama yale. Baada ya saa moja mvua ilipita, jua likatoka bila hata kuomba radhi, na wakaujua ukubwa wa bahari.

Mzee aliomba kasia. Alilitaka lisimikwe pale mchanga ulipokutana na maji, naye, amelala chali vilevile, akamwamuru Chapchap achore alama kwa kalamu kila baada ya upana wa vidole vinne.

"Ya nini, mzee?"

"Nimepima ardhi miaka thelathini na tano. Ardhi hii siijui, nataka kuijua."

Walingoja robo saa. Maji yakameza alama ya kwanza. Mzee akatazama kilele cha fungu, akapiga hesabu kimyakimya, midomo ikicheza.

"Sasa ni saa nane," akasema. "Saa kumi hapa hapatakuwa na mchanga mkavu. Saa kumi na moja yatakuwa kifuani."

"Na yakijaa hasa," nahodha akaongeza, "mkondo wa hapa unakwenda nje. Majaketi au hakuna majaketi." Hakusema zaidi. Akarudi kwenye boti kuona kama kuna la kufanya, akakuta hakuna, akarudi na kamba.

Mratibu ndiye pekee aliyekuwa ametulia, na aliwaonea huruma wenzake. "Sikilizeni," akasema, "msihangaike. Hatukupanda feri. Kwa hiyo ujumbe wa 'Wamepanda' haujafika ofisini. Kwa hiyo karani alishapiga simu bandarini tangu saa nne na nusu. Ndio utaratibu, niliuandika mwenyewe. Wanatutafuta muda huu."

Nahodha akaitikia kwa kichwa, kwa matumaini. Mzee akafumba macho. Chapchap akachora duara mchangani kwa kidole, akalifuta, akachora jingine.

"Bosi."

"Nini?"

"Ujumbe ulishakwenda."

"Ulikwendaje? Nani kautuma?"

"Mimi. Pale mlimani."

Mratibu aliacha kupumua, lakini mikono haikuacha kubana. "Chapchap. Pale mlimani tulikuwa bado saa nzima."

"Gatini hakuna mtandao, bosi! Ulifikiri siku zote tunatuma kwa njiwa? Tukifika mlimani tunatuma, maana tukishuka ndio basi. Sote. Madereva wote, tangu zamani. Na wageni huwa wanapanda kweli! Hakuna siku hawakupanda..." Akalifuta duara la pili. "Ila leo."

Mzee akacheka kidogo, kicheko kikavu kilichomtikisa mguu, na Mratibu akamwambia kwa ukali atulie.

Alitaka kumtukana Chapchap mpaka ukoo wake wa saba. Maneno yalifika ulimini, yakakwama, kwa sababu kumbukumbu ilimrudia: kila asubuhi, mezani kwake, ujumbe ulioingia saa tatu na dakika arobaini kwa feri inayoondoka saa nne. Aliuona. Miaka minane aliuona, na saa yake imeandikwa pembeni. Hakuuliza, kwa sababu kijani ni rangi ya kupendeza, na ukiuliza unapata kazi.

"Kwa hiyo ofisini tumeshavuka," akasema.

"Tumevuka na faili limefungwa," Chapchap akasema. "Nisamehe, bosi. Nisamehe, mzee."

"Kuna mtu yeyote," nahodha aliuliza polepole, "anayejua kwamba hatujafika?"

Mratibu alifikiri. Mdogo wake alikuwa kitandani na mtoto, ameambiwa atulie, wageni wataletwa mpaka mlangoni. Karani anakunywa chai. Akabaki mtu mmoja tu chini ya jua, aliyesimama gatini na bango, na ndiye ambaye Mratibu alikuwa ameagiza asipokelewe simu.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, huku viganja vyake viko palepale juu ya muundi wa baba yake.

Mzee akanyoosha mkono akamshika kiwiko. "Huyo mtu wako yukoje?"

"Msumbufu, Baba. Msumbufu wa kupindukia."

"Kiasi gani?"

"Mgeni akienda msalani tu, anapiga simu."

"Basi tuna bahati," mzee akasema. "Niliogopa utasema ni mstaarabu."

Saa tisa na nusu fungu lilikuwa limebaki kama ukubwa wa sebule. Nahodha alimfunga kila mmoja kamba kiunoni, wote wanne katika kamba moja, akaifunga ncha kwenye nanga na kuizika chini. Chapchap aliufunga mwavuli wa njano kwenye ncha ya kasia, wazi, akalisimika juu kabisa. Ulipepea kijinga pale juu, na maneno ya ofisi ubavuni yakisomeka vizuri: TUNAKUFIKISHA.

"Angalau tunasoma," nahodha akasema.

Saa kumi maji yakagusa sanduku lenye mguu. Mzee hakukosea hata kwa dakika tano, na alionekana kuridhika jambo ambalo lilimkera binti yake. Kidonda kilikuwa kimepunguza, lakini kikilowa kingeanza tena, na uso wa mzee ulikuwa na rangi ya majivu.

"Nipe mgongoni," Chapchap akasema.

"Una kilo ngapi wewe?" nahodha akauliza.

"Nipe, nimesema."

Wakampandisha. Mzee akakaa mgongoni kwa dereva, mguu mbovu umenyooshwa mbele, na Mratibu akausimamia, viganja vimebana, maji yakipanda magotini, mapajani. Woga wake wa maji ulikuwa wapi? Aliutafuta baadaye, hakuuona. Hakuwa na mkono wa kuushikia.

"Usitikisike," akamwambia Chapchap.

"Sitikisiki, bosi."

Na kweli. Mtu asiyejua kusimama kwenye foleni ya benki alisimama kwenye bahari dakika arobaini bila kubadili mguu. Jasho lilimtiririka, akauma mdomo. Mzee, ili kumsaidia, alikuwa akimsomea kasia: "Bado alama nne. Bado tatu na nusu. Unafanya vizuri, kijana." Maji yalifika kiunoni mwa Mratibu. Mkondo ukaanza kuvuta kamba, polepole, kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake.

Nahodha ndiye aliyesikia kwanza. Aliinua kidole. Injini.

Sauti ilikuja, ikapotea, ikaja tena. Chapchap hakuweza kupunga mkono, Mratibu hakuweza, kwa hiyo nahodha alilikamata kasia akauzungusha mwavuli juu ya kichwa huku anapiga kelele za mwendawazimu. Boti la doria la bandari likajitokeza upande wa jua, likapunguza mwendo, likaukaribia mwamba kwa tahadhari. Mbele kabisa, amesimama wima ameshika bomba kwa mkono mmoja, alikuwapo mtu mrefu mwembamba mwenye miwani. Mkono wa pili ulikuwa na bango. Limelowa, wino umechuruzika, lakini liliandikwa wazi: MRATIBU NA BABA.

Mtu yule aliwatazama mmoja mmoja, akihesabu kwa midomo.

"Wanne," akasema kwa sauti. "Bango langu lina wawili."

Mratibu alitaka kucheka, alitaka kulia, akafanya vyote kwa pamoja. "Ni sisi!" akapiga kelele. "Mpokeaji, ni sisi!"

"Nawaona," akasema.

Waliwavuta mmoja baada ya mwingine, mzee kwanza. Mhudumu wa boti alikuwa na sanduku la huduma ya kwanza na bandeji ya kweli, akaifunga juu ya vitambaa vyote bila kuvitoa, kisha akampa mzee maji yenye sukari. Kasia na mwavuli nahodha alikataa kuviacha. Chapchap alipokalishwa, miguu ilikataa kukunjika. Ikabidi wamkunje wenyewe.

Njiani mambo yakajulikana. Feri ilifika saa tano na nusu. Bwana Sijawaona alingoja mpaka abiria wa mwisho akashuka, akapanda ndani, akagonga milango ya vyoo vyote, akachungulia chumba cha injini, akafukuzwa. Akapiga simu ofisini. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tisa karani aliandika ujumbe: "Wamepanda. Tafadhali usisumbue." Akaenda kwa mkuu wa bandari, akaambiwa vilevile: orodha inasema wamepanda. Akatoka nje, akarudi. Akatolewa, akarudi. Mwishowe akavuta kiti akakaa mlangoni mwa ofisi ya watu, bango mapajani.

"Nikamwambia, mkuu, karatasi imewaona, mimi sijawaona," alieleza, kama mtu anayeeleza bei ya sabuni. "Nikamwambia, aliyekosa feri upande ule hukodi boti dogo. Na upepo wa leo unasukuma kusini. Akaniambia nikinyamaza atatoa boti. Nikamwambia akitoa boti nitanyamaza."

Mzee, amelazwa kwenye benchi, aliinua mkono kutoka kwenye blanketi akampa. Walishikana kwa muda mrefu.

Nusu ya njia simu ya Mratibu ikapata mtandao. Siku zote aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati za wageni, na mfuko haukumwangusha. Ujumbe ulikuwa mmoja, wa karani: "Faili limefungwa bosi, kijani! Yule bwana amepiga mara kumi na saba, sijapokea kama ulivyoagiza. Mpumzike."

Aliusoma mara mbili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nimekusema vibaya sana," akamwambia mpokeaji. "Miaka minane."

"Najua. Huwa unasahau kukata simu kabla ya kunisema."

Chapchap akaangua kicheko, na nahodha naye, na mwisho Mratibu mwenyewe. Akapangusa macho. "Basi niandikie wewe. Karani afute kijani chake. Mwandikie kwamba umetuona."

"Bado."

"Bado nini? Si tuko hapa mbele yako?"

"Mko majini," Bwana Sijawaona akasema. "Sitangulizi neno mbele ya mtu."

Chapchap akaangalia miguu yake. Mratibu akangoja kama wageni wengine wote.

Jua lilikuwa bado juu ya minazi walipoingia gatini. Walimshusha mzee kwa machela, lakini alipofika kwenye saruji aliwaamuru wasimame. Akaushusha mguu wake mzima, akaugusisha chini, akaukanyagia. Bwana Sijawaona akaukagua mguu ule. Akamkagua Mratibu, akamkagua dereva, akamkagua nahodha. Kisha akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, bila haraka yoyote.

Simu ya Mratibu ikalia ndani ya mfuko wa plastiki. Aliifungua pale pale, mikono bado ina damu ya baba yake kwenye kucha.

"Nimewaona. Wanne. Wamekanyaga nchi kavu saa kumi na moja na dakika ishirini. Mzee ana kidonda mguuni, anapelekwa kliniki, ninakwenda naye."

Tangu siku ile ofisi haina tena neno "Wamepanda". Faili hufungwa na mtu wa upande wa pili tu, na feri ikichelewa hata dakika tano, simu ikilia, Mratibu huipokea kabla haijalia mara ya pili.

Lakini hiyo ni ya baadaye. Jioni ile alisimama tu gatini, ameloa, mtandio umepotea, akiusoma ujumbe ule mstari kwa mstari. Mwishoni mwa gati alimwona shemeji yake akija mbio, na nyuma yake mdogo wake, anatembea polepole kama wazazi wapya wanavyotembea, na kifurushi cheupe kifuani.

"Geuzeni machela," mzee akasema. "Kliniki haitahama. Nileteeni mtoto kwanza."

Wakaigeuza.